Siku Wageni wa Kambi Walipokwenda Matangani

Wadogo zangu mnaosomea hoteli na utalii, nimestaafu. Najua mstaafu huwa na mvi, pensheni, na ugonjwa mmoja wa kuutaja akiulizwa hali. Mimi nina miaka ishirini na saba na ninachoumwa ni mawazo. Mama yangu, pale mtaani Barani, Malindi, halikubali neno hilo. Majirani wakimuuliza huwaambia niko likizo, na likizo yenyewe sasa imezidi mwaka. Lakini mtu aliyeifanya kazi ya hema akaijua, kisha akaiacha akiwa ameshaamua kwamba hatairudia, kwangu mimi huyo ni mstaafu, na mstaafu ana haki ya kuwachosha vijana kwa kumbukumbu zake. Nivumilieni.

Kambi ilikuwa kando ya Mto Sabaki, juu huko ukishaipita Kakuyuni. Jina lake sitalitaja, maana bado nina ndoto ya kuajiriwa mahali. Ilikuwa kambi ya mahema, na nikisema mahema msifikirie yale ya skauti. Hema moja lilikuwa na kitanda cha nguzo nne, beseni la shaba la kuogea, na zulia. Nyumba yetu ya Barani ingeingia humo ikabaki nafasi ya kuanika nguo. Wageni walivuka bahari ili walale bila kuta, wamulikwe na taa za mafuta, na wamsikie fisi. Bibi yangu kule Ukambani alilala hivyo maisha yake yote na hakuna aliyemletea hata kadi ya shukrani.

Niliingia pale na cheti changu cha chuo na hofu niliyozaliwa nayo. Kitu cha kwanza kuninyima raha kilikuwa hodi. Kila asubuhi tulipeleka kahawa hemani, lakini hema lina zipu, halina mlango wa kubisha. Ukisema hodi polepole, mgeni hasikii na kahawa inapoa. Ukisema kwa nguvu, anaruka kitandani akidhani ni mnyama aliyejifunza Kiswahili. Ukinyamaza ukasimama tu, unakuwa mtu aliyejibanza nje ya chumba cha watu waliolala, jambo ambalo hata mahakamani halielezeki. Nilisimama na sinia nikiyapima hayo yote mpaka mgeni mwenyewe akafungua zipu, tukatazamana, tukapiga yowe wote wawili.

Aliyeniokoa ni Charo, mkuu wa wahudumu, mtu wa makamo kutoka kijiji kilicho mbele kidogo ya Kakuyuni, aliyekuwa ameshazunguka hoteli nyingi za Malindi kabla mimi sijaanza shule. Nilimwita mjomba. Yeye aliniita Msomi, na hakuwa ananisifu. Aliichukua ile sinia, akatembea zake kama kawaida, na alipokaribia hema akaacha kijiko kigonge kikombe. Ndani mtu akakohoa.

"Umeona?" akaniambia. "Mwache yeye ndiye aanze."

Hilo lichukueni, litawafaa. Na jingine alilonifunza ni kwamba usimwahidi mgeni mnyama. Mwambie simba yupo, lakini ana shughuli zake. Mgeni aliyeahidiwa simba akakosa, hasira zake atazimalizia kwenye supu, na supu umeileta wewe.

Meneja wetu aliitwa Bwana Desmond. Alitoka bara na stashahada mbili na miwani ya jua aliyoivaa hata ndani ya ghala. Alikuwa akisema mgeni hanunui kitanda, ananunua hisia. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi kwenye kambi za nyanda za juu, kule kwenye baridi, na desturi za kule akatuletea zote bila kupunguza. Mojawapo ilikuwa chupa ya mpira yenye maji ya moto, iliyovishwa manyoya, ambayo ilibidi iwekwe chini ya shuka wakati mgeni yuko mezani anakula. Hebu fikirini. Sabaki, mwezi wa pili, sisi wafanyakazi tunalala na leso mbichi kifuani, na mgeni tunamwekea maji ya moto miguuni. Bwana mmoja, daktari wa meno, aliingiza mguu kitandani, akagusa kitu chenye joto na manyoya, akakipiga kwa kiatu mpaka kikapasuka na godoro likalowa lote. Kisha akatoka kuomba radhi na kuuliza amemwua mnyama gani. Charo alimwambia kwa unyenyekevu kwamba asihuzunike, wale bado wapo wengi.

Pori nalo lilitupa kazi, kwa sababu pori la kweli lina watu ndani yake na mgeni alishaambiwa kwamba hamna. Ng'ambo ya mto kulikuwa na nyumba ya mzee mmoja yenye bati jipya, na jua likipanda bati lile lilimeta mpaka kwenye meza ya kiamshakinywa. Bwana Desmond alimpelekea mzee makuti ya bure alifunike. Mzee alishukuru sana, akajengea banda la ng'ombe. Sisi wenyewe tulipotoka likizo tulishuka kwenye bodaboda mbali na kambi, tukatembea na mabegi kichwani, ili mgeni asisikie pikipiki akajua kwamba duka la vocha halikuwa mbali. Mbuzi walifukuzwa kila asubuhi kabla wageni hawajaamka. Mara moja mbuzi aliyerudi kwa ukaidi alipigwa picha nyingi na mama mmoja aliyetuuliza ni aina gani ya swala. Tulitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Na kulikuwa na suala la Kiitaliano. Wageni wengi walikuwa Waitaliano, na ninyi mliokulia Malindi mnajua kwamba hata muuza nazi wa Malindi anaweza kuwatania kwa lugha yao. Bwana Desmond alikipiga marufuku. Alisema mtu hawezi kusafiri mpaka ndani ya Afrika kisha akakutana na mhudumu anayezungumza kama shemeji yake. Kwa hiyo Charo, aliyekijua Kiitaliano cha kutosha kugombana nacho sokoni, alitabasamu tu na kujibu kwa Kiingereza kifupi, huku akisikia kila kilichosemwa juu ya tumbo la meneja, chumvi ya supu, na ndoa za watu.

Sasa niwaambie ya baba yake Charo, maana hayo mengine ni ya kuchekesha tu.

Mzee alikuwa ameugua muda mrefu na alifariki nyumbani, kambi ikiwa imejaa. Tena haikujaa watu hivihivi. Lilikuwa kundi la watu wenye mashirika ya safari huko kwao, waliokuja kuonja kambi ili waamue kama watatuletea wageni msimu mzima. Charo alikwenda kuomba ruhusa. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, na kwao mchanga wa kwanza kaburini hutiwa kwa mkono wa mtoto huyo. Akikosekana hutia mwingine, na kaburi litafukiwa vilevile. Lakini yeye ataishi miaka yake yote akiwa ndiye mtoto ambaye baba yake alizikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Alimweleza Bwana Desmond hayo yote kwa utaratibu, akiwa amesimama. Mimi nilikuwa hapo napanga maua, nikayasikia.

Bwana Desmond alisikitika, hilo nimpe. Akashika mpaka kifua. Kisha akaeleza kwamba kundi hili ndilo ugali wetu sote, na mkuu wa wahudumu hawezi kukosekana. Akauliza, kama mtu anayetafuta suluhisho kwa nia njema, kama familia haiwezi kuyasogeza maziko mpaka mvua za masika, kambi ikifungwa, ambapo angempa Charo wiki nzima, hata mbili.

Charo akasema atamuuliza baba.

Ruhusa haikutoka. Usiku kucha niliwaza kama nijitolee kushika nafasi yake, na kama nikishika nafasi yake nitamwaga nini, juu ya nani, na baada ya hapo sisi wafanyakazi msimu mzima tutakula wapi. Mpaka nafikia uamuzi, kulikuwa kumekucha na mambo yalikuwa yameshageuka.

Kila kundi la wageni lilipelekwa kijijini. Msiulize kijiji gani. Kilijengwa na kambi yenyewe, vibanda vichache na kinu kimoja. Wachezaji walikuja, wakavaa, wakacheza, wakavua, wakarudi mashambani. Asubuhi hiyo wachezaji walituma ujumbe kwamba hawaji. Wote walikuwa kwenye hanga, ndivyo Wagiriama wanavyoyaita matanga, la baba yake Charo. Bwana Desmond akashika kichwa. Dereva wetu, Safari, na hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake, akasema bila kufikiri kwamba huko hangani ngoma zilikuwa zinalia tangu jana, na watu walikuwa wengi kuliko siku yoyote pale kwenye kijiji chetu cha maonyesho.

Niliuona uso wa Bwana Desmond ukifunguka. Aliuliza ngoma gani. Aliuliza kama wanawake wanavaa mavazi ya asili. Kisha akamwita Charo na kumweleza kwamba Mungu amefungua njia. Wageni watakwenda huko, Charo atawaongoza, na kwa hiyo atakuwa kazini na pia atakuwa kwa baba yake, kwa gari la kambi. Masharti yalikuwa machache. Avae sare kamili. Wageni waambiwe ni sherehe ya mila. Neno maziko lisitajwe, kwa sababu linaharibu hisia. Mimi nikapewa sinia ya taulo baridi zilizonyunyiziwa marashi ya mlangilangi, niwape wageni wakishuka.

Charo aliuliza jambo moja tu, kama gari linaondoka sasa.

Halikuondoka sasa. Maziko yalipangwa kabla jua halijageuka, na wageni walimaliza kiamshakinywa kana kwamba mayai yalikuwa bado yanatagwa. Mama mmoja mzee, Bibi Piera, ambaye wote walimwogopa, alirudi hemani kutafuta kofia. Tulipotoka mwishowe, jua lilikuwa limeshapanda vizuri. Charo alikaa mbele kando ya Safari, kofia ya kambi kichwani, mikono magotini, akiitazama barabara.

Kabla hatujatoka kwenye eneo la kambi tukakutana na twiga.

Hapa lazima mjue sheria. Gari la wageni likisimama kwa mnyama, haliondoki mpaka mgeni aseme twende. Dereva hasemi, mhudumu hasemi. Watu wamefukuzwa kwa kusema. Na twiga yule alikuwa na mgunga mzima mbele yake wa kumaliza. Wageni walipiga picha, wakabadilishana viti, wakapiga tena. Simu ya Charo ikatetemeka. Alikuwa baba yake mdogo, nikamsikia akiuliza kwa Kigiriama yuko wapi. Charo akasema yuko njiani. Baba mdogo alisema kitu kingine, kirefu kidogo. Charo akaishusha simu, akamwambia Safari kwa sauti ndogo kwamba jeneza limeshatolewa nje.

Mimi nilikuwa nyuma na taulo zangu zikipata joto. Niliwaza niwaambie. Halafu nikawaza nikiwaambia nitafukuzwa, nikifukuzwa Charo naye atafukuzwa kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wake, na akifukuzwa atamlaumu nani, na je, pengine twiga atashiba. Niliyapanga maneno ya Kiingereza kichwani, nikayapanga upya, nikaondoa neno moja, nikalirudisha.

Charo akavua kofia. Akageuka kwenye kiti chake, akawatazama, na akazungumza nao kwa Kiitaliano. Sikuelewa. Safari alinitafsiria baadaye, maana naye muda wote huo alikuwa akikijua.

"Mabibi na mabwana," aliwaambia, "tunakokwenda si sherehe. Ni maziko ya baba yangu. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na nimechelewa."

Kamera zikashuka moja moja. Sijui kipi kiliwashtua zaidi, msiba au ile lugha, kwa kuwa niliona baadhi yao wakikumbuka waliyokuwa wakiyasema mezani siku zote zile. Kisha Bibi Piera akanyoosha mkono na kumpiga Safari begani kwa ile kofia aliyoitafuta sana, na kumwambia neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani. Safari alikanyaga mafuta, na twiga nadhani hajawahi kuona watalii wakimkimbia namna ile.

Tulifika vumbi likiwa limetutangulia. Uwanja ulijaa watu, ngoma zilikuwa zimenyamaza, na kila mtu aligeuka kutazama gari lile la wazi lililopakwa mistari ya pundamilia. Shangazi yake Charo, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alitujia akiwa amejifunga leso kiunoni.

"Charo, hawa ni kina nani?"

"Wageni wangu, shangazi."

"Wamekuja kulia au kutazama?"

Charo akamwambia awaulize wenyewe, naye akapita kati ya watu kuelekea kaburini. Shangazi hakuuliza. Alimtazama Bibi Piera kutoka kofia mpaka viatu, akamshika mkono, akampeleka upande wa jikoni, na mara nikamwona bibi yule amekalishwa juu ya mbuzi ya nazi, nusu ya nazi mkononi, akionyeshwa jinsi ya kukuna bila kukata vidole. Mimi nilibaki na sinia yangu. Nilikuwa najiuliza kama ni sahihi kumpa mtu taulo ya mlangilangi msibani, na nianze na nani, wafiwa au waliolipa. Shangazi akarudi, akaichukua sinia nzima, akawagawia akina mama waliokuwa wakilia tangu siku iliyotangulia. Walijifuta nyuso, wakashusha pumzi. Nasema kwa haki, taulo zile hazijawahi kufanya kazi bora.

Jeneza lilikuwa limeshateremshwa. Vijana walisimama na mabeleshi tayari, lakini baba mdogo alikuwa amewakatalia kutia hata chembe. Alikuwa amesimama ukingoni pale kwa miguu iliyoachana, kama mtu anayelinda lango. Alipomwona Charo alisogea pembeni. Charo alipiga magoti na sare yake ya kaki, beji ya kambi yenye tembo ikining'inia mbele, akachota mchanga kwa mkono, akautia. Akakaa vile kidogo, kiganja wazi juu ya kaburi. Kisha akainuka, na mabeleshi yakaanza.

Hapo mtu wa kwanza katika wale mabwana wa mashirika ya safari akavua saa yake, akampa mwenzake amshikie, akaomba beleshi. Halafu mwingine. Walifukia kwa zamu na vijana wa pale, wakitoka jasho la kweli, na vijana waliwacheka kwa namna walivyoshika beleshi, na wakawafundisha. Walikula sima na samaki wamekaa chini. Hakuna aliyepiga picha. Wakati wa kuondoka nilimwona Charo kwenye mkeka kati ya ndugu zake, kichwa kimeinama, anasikiliza kitu anachoambiwa na mzee mmoja. Hakuinuka. Sikumwita.

Bwana Desmond alipoona gari limerudi bila mkuu wa wahudumu alipiga kelele mpaka miwani ikamwanguka. Alisema Charo asirudi kabisa. Lakini kesho yake wageni waliondoka, na kabla ya kuondoka mmoja mmoja walimshika mkono wakamwambia kwamba katika safari yote hawakuona siku kama ile. Bibi Piera alilia. Wakaahidi kuleta watu msimu mzima. Kuanzia saa hiyo Bwana Desmond akawa anatembea polepole kambini huku akiongea peke yake, na mimi nilimhofia, kwa sababu najua mtu anapokuwa na wazo.

Charo alirudi matanga yalipokwisha, kichwa amenyoa. Tuliitwa mezani sisi wawili. Bwana Desmond alimkaribisha kama ndugu, akamwagizia chai, akampa pole ndefu. Alimsamehe mambo yote, hata Kiitaliano. Kisha akasema kambi imepata kitu ambacho kambi nyingine yoyote haina. Kitaitwa Kuaga kwa Kiafrika. Mgeni atashiriki, atashika beleshi, atakuna nazi, atalia akitaka, atakula na watu. Itakuwa kila Jumamosi. Akanisukumia kalamu, akasema mimi kwa kuwa nimesoma nitaandika maelezo yake, kwa lugha ya kugusa.

Nikaishika kalamu. Nawaambia ukweli, kwa muda mfupi nilianza kufikiria sentensi ya kwanza. Ndivyo kazi hii inavyomfanya mtu.

Tatizo, akasema Bwana Desmond, lilikuwa ratiba. Kambi kubwa haiwezi kutegemea bahati. Wageni wanalipa mapema, kwa hiyo ni lazima mtu ajue mapema. Akamgeukia Charo, akamwuliza kama huko kijijini kwao, au hata katika ukoo wake, kuna wazee ambao, ingawa inamuuma kusema hivyo, hawana muda mrefu.

Charo alimtazama. Chai yake hakuwa ameigusa.

"Mimi nimebaki na mama tu," akasema.

Bwana Desmond akavua miwani ya jua, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa hiari. Akainamisha kichwa kidogo kwa heshima. Kisha akauliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Na mama ana umri gani?"

Charo aliinuka. Akakirudisha kiti chake mezani, taratibu, bila kukiburuta, kama anavyofanya mhudumu aliyefunzwa vizuri, akatoka. Nami nikatoka nyuma yake, na kiti changu nikakiacha palepale katikati ya njia.